Kabati linalomchungulia mgeni si ukarimu

ILIKUWA asubuhi ya kawaida nyumbani kwetu Nyamirambo, hapa Kigali. Chai ilikuwa mezani, mama alikuwa anamenya ndizi, na mgeni wetu wa chumba cha pili, dada mmoja muuguzi, alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Nikamwambia kwa moyo mweupe kabisa: "Dada, naona siku hizi hulali. Jana saa nane usiku ulikuwa macho, juzi pia. Kama unaumwa sema, tukupeleke kwa daktari."

Akaweka kisu chini. Akaniangalia.

"Mwalimu, umejuaje?"

Ndugu msomaji, swali hilo fupi ndilo lililonifanya niandike makala haya. Jibu lake lilikuwa ndani ya simu yangu, na nilipolitamka kwa sauti nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua kwa sababu kabati la chumbani mwake lilikuwa linaniambia. Kila alipofungua mlango wa kabati, simu yangu ililia na maneno yakatokea: "Kabati, chumba cha 2, limefunguliwa." Saa ikaandikwa, na dakika pia.

Kabati hilo nililibuni mwenyewe. Kaka yangu ndiye aliyelichonga.

Nyumba moja, watu wa kila aina

Kwanza nijieleze. Mimi ni mwalimu wa fizikia na elektroniki katika shule ya ufundi. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, katika familia ya wakimbizi waliotoka Rwanda baada ya machafuko ya 1959. Shule ya msingi na sekondari nilisoma huko huko, na mwaka 1997 nikarudi katika nchi ambayo nilikuwa sijawahi kuiona, nikiwa na cheti cha kidato cha nne, begi moja, na Kifaransa sifuri. Wakati ule kuongea Kiswahili mbele ya watu kulinifanya nionekane mgeni kwetu. Leo Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, tangu 2017, na wanafunzi wangu wananiomba niwasahihishe ngeli.

Nyumba yetu ina vyumba viwili vya uani ambavyo tunavipangisha kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Mshahara wa mwalimu anaujua mwalimu, na ada za watoto hazisubiri. Wanaolala kwetu ni mchanganyiko: mfanyabiashara kutoka Bukoba, mwanafunzi anayefanya mafunzo kazini, kijana wa Ulaya mwenye begi mgongoni aliyetupata kupitia simu. Jiko ni moja, sebule ni moja, mita ya umeme ni moja.

Hapo kwenye mita ndipo ugomvi ulipokuwa unaanzia. Sisi tunatumia umeme wa kulipia kabla, ambao hapa wengi wanauita Cash Power, kama Watanzania wanavyosema LUKU. Uniti zikiisha usiku, giza linawakuta wote, mwenye nyumba na mpangaji. Mwenye nyumba anasema mgeni anachaji simu tatu. Mgeni anasema watoto wa mwenye nyumba wanaangalia televisheni mpaka usiku wa manane. Hakuna mwenye ushahidi, kila mtu ana hasira.

Ukiongeza mgeni mmoja aliyeondoka alfajiri na mablanketi yetu mawili, utaelewa kwa nini mwalimu wa elektroniki mwenye kaka fundi seremala alianza kuwaza mambo ya teknolojia.

Samani zenye akili ni kitu gani?

Wengi wakisikia samani zenye akili wanafikiri ni mambo ya sinema. La hasha. Ni samani ya kawaida iliyoongezewa vitu vitatu: cha kuhisi, cha kufikiri na cha kusema. Cha kuhisi ni kifaa kidogo kinachotambua mwanga, joto, uzito au mlango unapofunguka. Cha kufikiri ni chipu ya kompyuta yenye ukubwa wa ukucha. Cha kusema ni waifai, inayopeleka habari kutoka kwenye chipu hadi kwenye simu ya mkononi.

Makampuni makubwa yameshaingia humo. IKEA ya Sweden ilianza mwaka 2015 kuuza taa na meza ndogo ambazo ukiweka simu juu yake inajichaji bila waya, mradi iwe simu ya aina inayokubali. Mwaka 2019, kwa kushirikiana na kampuni ya Sonos, ikatoa taa ya mezani ambayo ndani yake mna spika inayopokea muziki kwa waifai.

Kilichotufikisha sisi wa ngazi ya chini kwenye teknolojia hii ni bei. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, walimu na wanafunzi wao walianzisha Arduino, kibao cha elektroniki ambacho hata mtu asiye mhandisi anaweza kukipangia programu. Mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai ikatoa chipu iitwayo ESP8266, ambayo ndani yake tayari mna waifai, na inauzwa kwa dola chache tu. Hapa Kigali, FabLab Rwanda ilifunguliwa 2016, na vijana wakapata mahali pa kujifunza kukata mbao na plastiki kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta.

Kaka yangu ana karakana eneo la Gisozi, pale tunapopaita Gakiriro, ambapo ukiingia unapokewa na vumbi la randa na harufu ya vanishi. Nilipompelekea mchoro wangu wa kwanza alicheka. "Dada, mimi nachonga kabati la libuyu, wewe unataka niliwekee masikio?" Nikacheka naye. Laiti ningemsikiliza.

Tulitengeneza vitu viwili. Cha kwanza ni meza ya chumbani yenye taa ndogo pembeni. Kwenye waya unaoingia chumba cha mgeni tuliweka kipimo cha umeme. Mgeni akitumia kiasi cha kawaida, taa ya meza ni ya kijani, akikaribia kiasi tulichokubaliana kwa siku, inakuwa ya njano, akikipita, nyekundu. Mwenyeji na mgeni wanaona hesabu ile ile kwenye simu zao.

Meza hiyo ilimaliza ugomvi ndani ya wiki moja, tena kwa kunisuta mimi mwenyewe. Kumbe simu haina kosa. Simu ya kawaida unaweza kuichaji mara hamsini hivi kabla hujamaliza uniti moja. Mchawi ni birika la umeme. Birika la wati 2,000 likiwaka kwa jumla ya nusu saa linakula uniti nzima, na birika lilikuwa la kwetu, wenye nyumba.

Cha pili ni lile kabati. Mlangoni tuliweka swichi ya sumaku, kijibomba kidogo cha kioo chenye vipande viwili vya chuma vinavyogusana sumaku ikikaribia na kuachana ikienda mbali. Mlango ukifunguliwa, taa ya ndani inawaka ili mgeni asipapase gizani. Hilo ndilo nililowaambia watu. Lakini niliongeza mstari mmoja kwenye programu: mlango ukifunguliwa, nijulishe. Nilikuwa nawaza mablanketi yangu.

Mgeni hakuambiwa. Ndiyo maana nasema kosa ni langu, si la chipu.

"Hapa nilikuja kulala"

Turudi mezani. Yule dada alisikiliza maelezo yangu mpaka mwisho: sumaku, taa, mablanketi, kila kitu. Hakupandisha sauti. Alikuwa ametoka Burundi mwaka 2015, akaishi kambini miaka mingi, na alikuwa amekuja Kigali kwa mafunzo ya mwezi mmoja.

"Mwalimu," alisema, "kambini nilihesabiwa. Foleni ya chakula, nahesabiwa. Foleni ya kuni, nahesabiwa. Wakija kuhakiki kaya, nasimama mlangoni nahesabiwa. Nilihesabiwa mpaka nikajiona namba. Hapa nilikuja kulala."

Jioni yake mabegi yalikuwa mlangoni. Nilimrudishia pesa za siku zilizobaki. Alichukua, akamuaga mama kwa mikono miwili kama heshima inavyotaka, mimi akanipa mkono mmoja. Alichokuwa anafuata kabatini saa nane za usiku kilikuwa chake, na hakikunihusu.

Mama hakunigombeza. Alisubiri nimalize kuosha vyombo, akaniita chumbani kwake, akanionyesha sanduku.

Sanduku hilo nalijua tangu utotoni. Ni la mbao za mvule, limechakaa pembe, tulirudi nalo juu ya lori mwaka 1997. Lakini habari yake sikuwahi kuisikia yote. Mama aliwasili Karagwe akiwa mtoto wa miaka sita, mgongoni mwa babu kwa sehemu kubwa ya safari. Mzee mmoja Mnyambo aliwapa babu na bibi chumba katika nyumba yake mwenyewe. Chumba hakikuwa na kitu. Siku ya tatu mzee yule akaingia na sanduku, kufuli, na funguo mbili. Bibi akachukua ufunguo mmoja, akamrudishia mwingine kwa adabu, kwa kuwa nyumba ni ya mwenyewe. Mzee akaukataa.

"Alimwambia bibi yako," mama alisema, "mgeni asiye na pa kufungia kitu chake hajafika, bado yuko njiani. Akaacha funguo zote mbili."

Ndani ya sanduku hilo bibi hakuwa na mali. Alikuwa na kitambaa, shanga, na karatasi za babu. Lakini kwa miaka yote waliyokaa katika nyumba ya watu, kulikuwa na futi tatu za mbao ambazo hakuna mtu mwingine aliyeweza kuzifungua.

Mimi, mjukuu wake, niliyesomeshwa ugenini kwa ukarimu wa namna hiyo, nilimpa mgeni wangu kabati ambalo ufunguo wake wa pili ulikuwa simu yangu.

Wengine wamejifunza kwa gharama

Baada ya hapo nilianza kusoma, na nikaona sikuwa peke yangu. Kampuni ya Airbnb, ambayo chimbuko lake ni vijana waliotandika magodoro ya kujaza upepo katika nyumba yao ya kupanga huko San Francisco mwaka 2007, kwa miaka mingi iliwaruhusu wenye nyumba kuweka kamera sebuleni au kwenye korido mradi wawatangazie wageni. Mwezi Machi 2024 ilitangaza kuzipiga marufuku kamera zote za ndani, na sheria hiyo ikaanza kutumika Aprili 30 mwaka huo. Tangazo halikutosha. Mtu hawezi kupumzika mbele ya jicho, hata kama jicho limeandikwa kwenye mkataba.

Kuna hatari nyingine ambayo wenye nyumba hatuifikirii. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na vifaa vingine vya majumbani katika nchi nyingi, kisha ikavitumia kuangusha huduma za tovuti kubwa duniani mwezi Oktoba. Iliviteka kwa njia rahisi mno: wenye vifaa walikuwa hawajabadilisha neno la siri lililowekwa kiwandani. Kwa hiyo kabati linaloniambia mimi habari za mgeni laweza kumwambia na mtu mwingine nisiyemjua.

Hapa Rwanda tunayo Sheria Na. 058/2021 ya Oktoba 13, 2021 inayolinda taarifa binafsi na faragha. Kenya ilipitisha sheria yake 2019 na Tanzania 2022. Kwa ufupi, zote zinasimama juu ya msingi mmoja: ukichukua habari za mtu, ajue, ajue ni za nini, na usichukue kuliko unachohitaji. Niliisoma sheria hiyo kama mwanafunzi aliyefeli anavyosoma majibu.

Lakini kusema kweli, hekima hii haikuanza na sheria. Wazee wa pwani waliojenga nyumba za mawe za Unguja na Lamu waliweka baraza, kibao cha mawe kando ya mlango, mgeni akaketi, akapewa kahawa, akaongea na mwenyeji, bila yeye kuona ya ndani wala wa ndani kubughudhiwa. Kwetu nako urugo una mlango wake, ua wake, na sehemu ambazo mgeni hapiti bila kualikwa. Samani na nyumba zetu zilijua zamani kwamba ukaribu mzuri unahitaji mpaka.

Swali la mwanafunzi

Nilililetea darasa suala hili kama kazi ya muhula. Nikawaeleza lilivyotokea, bila kujificha, nikasema: tubuni upya samani ya chumba cha mgeni, ambayo mwenyeji na mgeni wote wataipenda.

Nilianza kwa kujisifu kidogo kuhusu meza. Nikasema kabati lilikuwa kosa, lakini meza ni salama kwa kuwa wote wawili tunaona hesabu ile ile. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Meza inaandika umeme kila baada ya muda gani?"

"Kila dakika."

"Basi na meza inasema. Taa ikizimwa saa nne utajua amelala. Ikiwaka saa nane utajua ameamka. Akichelewa kurudi utajua."

Darasa likawa kimya. Nikafungua simu, nikaangalia mchoro wa umeme wa wiki ile ya yule dada. Usiku wake wote ulikuwa pale, saa kwa saa. Hata bila kabati ningemjua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuondoa kifaa kimoja hakutoshi. Kinachotakiwa ni kuuliza juu ya kila kifaa: kinajua nini, kinamwambia nani, na kinakumbuka kwa muda gani?

Tulichofikia

Baada ya muhula mzima wa kubishana, kukosea na kuunguza chipu kadhaa, wanafunzi, kaka yangu na mimi tulifikia kanuni tano. Naziweka hapa kwa faida ya mafundi na wenye nyumba.

Kwanza, wote wawili waone kitu kile kile. Meza yetu sasa haipeleki habari za kila dakika. Chipu inajumlisha yenyewe na kutoa namba moja kwa siku: uniti zilizotumika. Hiyo inatosha kumaliza ugomvi, na haisemi nani alilala saa ngapi. Taa ya rangi inabaki pale chumbani kwa ajili ya mgeni.

Pili, mgeni awe na pake pa kufungia. Tulitengeneza sanduku la chini ya kitanda, lenye kufuli la namba. Mgeni anaweka namba yake siku anayofika, na anaifuta kwa kitufe kilichomo ndani ya sanduku siku anayoondoka. Kufuli hilo halina waifai kabisa. Wanafunzi walishangaa kwamba katika mradi wa samani zilizounganishwa, kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuamua kipi kisiunganishwe. Lina funguo mbili za chuma za dharura, na zote anakabidhiwa mgeni. Akitaka tumtunzie mmoja, tunautia kwenye bahasha aliyoisaini juu ya gundi, na siku ya kuondoka anaiona haijachanwa.

Tatu, umeme ukikatika kila kitu kifanye kazi kwa mkono. Droo ivutwe, taa iwe na swichi ya kawaida ukutani. Kufuli linatumia betri nne ndogo, linatoa mlio zikikaribia kuisha, na nje lina ncha mbili ambapo unaweza kugusisha betri ya volti tisa likapata nguvu ya kufunguka. Samani inayomfungia mtu nje kwa sababu mtandao umekatika haina akili yoyote.

Nne, habari zisitoke nje ya nyumba. Chipu zetu zinaongea na kompyuta ndogo iliyoko sebuleni, si na mashine ya kampuni iliyoko ng'ambo. Maneno ya siri tuliyabadilisha siku ya kwanza. Mgeni akiondoka tunafuta hesabu zake mbele yake, naye anabonyeza kitufe mwenyewe.

Tano, kila kinachohisi kionekane. Kaka yangu alichonga kialama kidogo cha sikio kwenye ubao wowote ambao nyuma yake pana kifaa. Ni mzaha wake wa siku ile, lakini umekuwa msaada mkubwa. Mgeni akiingia tunamwonyesha masikio yalipo na yanasikia nini. Kwa sasa yapo mawili tu: meza inayopima umeme, na rafu ya korido yenye king'ora cha moshi.

Hofu ya mwenye nyumba

Najua kuna msomaji mwenye vyumba vya kupangisha anayesema: mwalimu, wewe umeibiwa mablanketi mawili, mimi nimeibiwa televisheni. Unataka nifumbe macho?

Hapana. Hofu ya mwenye nyumba ni ya kweli. Pasi ikisahauliwa kwenye godoro inaunguza nyumba na waliomo, ndiyo maana king'ora cha moshi hakina mjadala. Mlango wa nje ni wa wote, na mwenyeji ana haki ya kujua kama umefungwa. Lakini blanketi linahesabiwa mgeni anapoingia na anapotoka, mkiwa wawili, kwa karatasi na kalamu. Malipo ya dhamana yapo. Hakuna kati ya hayo linalohitaji kujua mtu kafungua kabati lake saa ngapi.

Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama yule mzee wa Karagwe angekuwa na hofu yangu. Yeye alipokea familia nzima asiyoijua, iliyovuka mpaka kwa miguu, nyumbani kwake mwenyewe. Alikuwa na sababu nyingi za kutaka kujua kilichomo ndani ya sanduku. Badala yake alinunua kufuli.

Kuna gharama pia, nisidanganye. Sanduku lenye kufuli la namba linazidi bei ya sanduku la kawaida, na kaka yangu analalamika kwamba kupitisha waya ndani ya libuyu bila kuharibu sura yake ni kazi ya siku nzima. Wenye nyumba wawili wa mtaani kwetu wameagiza meza, sanduku wakaliacha. Wanasema meza inawaokolea pesa, sanduku linamnufaisha mgeni tu. Ninaendelea kuwaeleza kwamba mgeni aliyelala vizuri ndiye anayerudi.

Yule dada hajarudi. Nilimwandikia ujumbe wa kuomba radhi, mrefu kupita kiasi kama kawaida ya walimu. Alijibu siku ya pili kwa maneno machache: "Nimesoma. Asante mwalimu. Msalimie mama." Nimemsalimia.

Wiki iliyopita chumba cha pili kilipata mgeni mpya, mzee mmoja aliyekuja kutibiwa macho. Nilimwonyesha meza na taa yake, nikamwonyesha alama za masikio, kisha nikavuta sanduku kutoka chini ya kitanda na kumpa funguo zote mbili. Akazigeuza mkononi, akaniuliza kama sitaki kubaki na mmoja.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Akajibu kabla yangu: "Hapana baba, ni zako. Karibu, umefika."